Usiambiwe tu, uliza: Kwa nini somo la afya hushika pale watu wanapojibizana

Msomaji, bila shaka umewahi kuketi kwenye benchi la kliniki ya watoto asubuhi ukisubiri kuitwa. Muuguzi anatoka, anasimama mbele ya akina mama thelathini na kuanza kueleza: chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono, na mtoto akihara mpeni maji ya chumvi na sukari. Anamaliza kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Nao wote wanaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo!"

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi kwenye benchi kama hilo akiwa na mwanawe mgonjwa. Muuguzi alipokwisha kuingia ndani, mama aliyekuwa kando yangu alinigeukia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo chumvi, ni kijiko cha chai ama kile kikubwa cha kupakulia?" Nilijibu kwamba nadhani ni cha chai. Mwingine nyuma yetu akasema hapana, ni kikubwa, kwa sababu maji ni lita nzima. Wa tatu akasema yeye hupima kwa kiganja. Basi tukabaki hivyo, kila mtu na jibu lake, na yule aliyejua yumo ndani anapima watoto uzito.

Swali lile halikuwa dogo. Kijiko kikubwa kilichojaa chumvi ndani ya lita moja ya maji kinaweza kumdhuru mtoto vibaya sana, tena huyo ambaye mwili wake tayari umekauka. Somo lilikuwa sahihi na mwalimu alilijua vyema. Kilichokosekana ni nafasi ya mama mmoja kuinua mkono na kuuliza.

Kwa muda mrefu wahudumu wa afya wamewatupia lawama akina mama kwamba hawasikii wanapoambiwa. Methali ya sikio la kufa hutajwa haraka sana katika vyumba vya madaktari. Lakini ukichunguza utaona kwamba mara nyingi sikio lilisikia, ila halikupewa kinywa. Hebu basi tutazame mfano mmoja ambao wataalamu duniani wameuchunguza kwa makini: jinsi maji haya ya chumvi na sukari yalivyofundishwa katika nchi ya Bangladesh, nyumba kwa nyumba, kwa muda wa miaka kumi.

Kwanza, kwa nini chumvi na sukari? Mtoto anayehara hafi kwa sababu ya kinyesi chenyewe. Hufa kwa kupoteza maji na chumvi mwilini. Ukimpa maji matupu hayafyonzwi vyema, kwani utumbo uliougua umeshindwa kushika chumvi, na mahali ambapo chumvi haiendi, maji hayafuati. Hata hivyo, upo mlango mmoja katika utumbo ambao haufungwi na ugonjwa huo. Mlango huo hufunguka pale sukari na chumvi zinapofika pamoja. Sukari huivuta chumvi, chumvi nayo huyavuta maji, na mwili hurudishiwa kile ulichopoteza. Ndiyo maana vipimo ni muhimu. Sukari ikizidi, maji huvutwa kutoka mwilini kuingia tumboni na kuhara huongezeka. Hii ndiyo sababu soda, ambayo wengi wetu tunaikimbilia, si dawa ya kuharisha.

Mwaka 1968 madaktari wawili Wamarekani, David Nalin na Richard Cash, waliokuwa wakifanya kazi mjini Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kunywa mchanganyiko huo na kupona wakitumia maji machache mno ya kutiwa kwa sindano. Miaka mitatu baadaye vita vilizuka huko, na mamilioni ya watu wakakimbilia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwavamia wakimbizi, na maji ya sindano yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika mapipa, kisha akawapa jamaa za wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe, kwa kuwa wauguzi hawakutosha. Miongoni mwa wagonjwa waliotibiwa hivyo, waliofariki walikuwa takriban 3.6 kwa kila 100. Kabla ya hapo, kipindupindu kilikuwa kikiua karibu 30 kati ya kila 100.

Dawa ilikuwa imepatikana, tena ya bei ya chumvi na sukari. Swali likawa: utawafundishaje akina mama wa nchi nzima, wengi wao wasiojua kusoma, jinsi ya kuitengeneza jikoni?

Shirika liitwalo BRAC, lililoanzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, liliingia katika kazi hiyo mwaka 1980. Halikutegemea mabango wala hotuba za uwanjani. Liliwaajiri wanawake vijana, likawafunza, kisha likawatuma vijijini kwa makundi, kila mmoja akibisha hodi nyumba hadi nyumba. Kipimo kilikuwa cha mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu hadi mstari wa kwanza wa kidole, konzi moja ya sukari guru, na maji kiasi cha nusu lita. (Naam, ni sukari guru hiyo hiyo tunayoijua hapa kwetu, hata jina lake lina asili ya Bara Hindi.)

Sasa angalia jinsi somo lenyewe lilivyokwenda. Mwalimu alieleza mambo machache tu ya kukumbukwa, kumi hapo mwanzoni. Kisha alinyamaza, na mama akatakiwa kuyaeleza tena kwa maneno yake mwenyewe. Halafu mama alichanganya dawa hiyo kwa mkono wake mwalimu akitazama. Akikosea kipimo, anasahihishwa hapo hapo na kurudia. Wiki chache baadaye mkaguzi alifika bila mwalimu yule, akachagua baadhi ya nyumba, akamwuliza mama maswali na kumwomba achanganye tena. Maji yale yalipimwa kwenye maabara kuona kiasi cha chumvi kilichomo.

Na mshahara wa mwalimu ulitegemea majibu ya mama! Mama akikumbuka mengi, mwalimu analipwa vizuri. Mama asipokumbuka, mwalimu hapati kitu kwa nyumba hiyo. Mimi nasema, laiti sisi sote tunaowafundisha watu mambo ya afya, waandishi wa kurasa hizi tukiwamo, tungelipwa hivyo, wengi tungejifunza haraka jinsi ya kusikiliza.

Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1990 na nyumba zaidi ya milioni 12 zilifikiwa.

Lakini usidhani mambo yalikuwa shwari tangu mwanzo. Wachunguzi waliporudi vijijini katika siku za awali walistaajabu. Akina mama walikumbuka somo barabara na waliweza kuchanganya dawa bila kukosea, ila watoto wao walipohara ni wachache sana waliowapa! Somo lilikuwa kichwani, halikuwa kikombeni.

Hapo ndipo shirika hilo lilipofanya jambo ambalo wakubwa wengi huona haya kulifanya. Liliwaendea akina mama na kuwauliza, kwa nini? Majibu yalikuwa funzo kwa walimu wenyewe.

Walisikia kwamba katika lugha ya huko hakuna ugonjwa mmoja tu wa kuhara. Upo wa mtoto anayenyonya, ambao huhusishwa na maziwa ya mama. Upo wa kuvimbiwa chakula. Upo wa kuhara damu. Na upo ule mkali wa maji matupu unaofanana na kipindupindu. Walimu walikuwa wamekuja na neno moja la kitaalamu, na akina mama wakalielewa kuwa ni ule mkali peke yake. Kwa hiyo mtoto aliyeharishwa na "maziwa" hakupewa chochote, wala mama hakuona kwamba amekaidi. Tangu hapo walimu walianza kutumia majina ya akina mama wenyewe, na kueleza ni aina gani dawa inafaa.

Waligundua pia kwamba wanaume walikuwa wamesahauliwa. Mwalimu mwanamke alizungumza na mama ndani ya ua huku baba, ambaye ndiye hutoa pesa na kuamua mtoto atapelekwa wapi, akiwa nje hajui kinachoendelea. Wafanyakazi wa kiume wakatumwa sokoni, misikitini na shuleni kujibizana na wanaume wenzao.

Lakini jibu lililochoma zaidi liliwahusu walimu. Wengi wao hawakuiamini dawa waliyokuwa wakiifundisha! Wao wenyewe wakihara walikimbilia vidonge. Akina mama walikuwa na macho, na jambo hilo halikujificha. Basi walimu walipelekwa Dhaka, kwenye hospitali na maabara ya magonjwa ya kuhara, wakajionea wagonjwa mahututi wakinywa maji hayo na kuketi. Waliporudi vijijini walianza kuonja mchanganyiko mbele ya watu kabla ya kumpa mtu mwingine. Matumizi yakapanda, na hadi leo Bangladesh ni miongoni mwa nchi ambazo maji haya hutumiwa zaidi duniani kwa watoto wanaohara.

Je, unaona siri ilikuwa wapi? Vipimo havikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba maneno yalianza kwenda pande mbili. Mama aliuliza, akapinga, akaeleza anavyofahamu yeye, na mwalimu akalirekebisha somo lake.

Huenda ukasema kwamba huo ni mfano wa kijijini na wa zamani. Basi uko mwingine. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, watafiti waliunda vikundi vya wanawake vilivyokutana mara moja kwa mwezi. Aliyeongoza kikundi alikuwa mwanamke wa papo hapo, si muuguzi wala daktari. Hakuja na hotuba. Alikuja na picha za kuwasaidia kuzungumza, na wanawake walitaja matatizo yao ya uja uzito na ya kujifungua, wakachagua yapi ni makubwa, kisha wakaamua wafanye nini. Vikundi vingine vilianzisha mfuko wa pesa za dharura. Vingine vilitengeneza machela ya kubebea wagonjwa milimani. Vingine viligawa vifaa safi vya kuzalishia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Mahali palipokuwa na vikundi, watoto wachanga waliofariki katika mwezi wao wa kwanza walikuwa 26.2 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Mahali pasipo na vikundi walikuwa 36.9. Tofauti hiyo haikuletwa na sindano mpya wala dawa mpya, bali na wanawake waliokaa chini wakaulizana. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vikundi vya aina hiyo, hasa kwa sehemu za mashambani zenye upungufu wa huduma.

Kwa upande mwingine, ni vyema tusitie chumvi. Vikundi kama hivyo vilipojaribiwa Bangladesh mara ya kwanza, vifo vya watoto wachanga havikupungua. Vilikuwa vichache mno, kimoja kwa watu 1,414, na wajawazito wengi hawakuvifikia. Vilipoongezwa hadi kimoja kwa watu 309 hivi, vifo vilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Yaani mazungumzo nayo yana kipimo chake, kama dawa nyingine yoyote.

Isitoshe, watu wakizungumza bila mjuzi kati yao wanaweza kuambukizana makosa. Wewe mwenyewe umesikia kwenye chama chenu au katika jumbe mnazotumiana kwa simu: mtoto akihara mnyime chakula ili tumbo lipumzike, mama aache kunyonyesha, mpe dawa ya kufunga tumbo. Yote matatu ni makosa, na yanasambaa upesi kwa sababu anayeyasema ni mtu tunayemwamini, tena tunaweza kumwuliza. Ile nguvu inayoifanya elimu njema ishike ndiyo hiyo hiyo inayoushikisha uvumi. Dawa ya hili si kuwakataza watu kuzungumza. Ni kuhakikisha kwamba mara kwa mara yupo mtu mwenye ujuzi anayekaa nao, anayeulizwa naye asiyekasirika.

Hapa Kenya nafasi hiyo ipo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa mashinani wapatao 100,000, waliopewa mikoba ya vifaa na kutakiwa kuzitembelea nyumba. Akibisha hodi kwako, usimpe jina la mtoto na idadi ya watu wa nyumbani kisha ukafunga mlango. Mkaribishe ndani. Mwulize lile swali uliloona aibu kumwuliza daktari.

Chamani nako, mnapokutana kuchanga pesa, tengeni robo saa. Mualikeni muuguzi anayeishi mtaani mwenu. Wengi watakubali kwa kikombe cha chai. Lakini msimwombe atoe hotuba. Kila mmoja aje na swali lake, na mwenye haya aliandike kwenye karatasi bila jina.

Nako kliniki? Daktari akimaliza kukueleza jinsi ya kumpa mtoto dawa, usitikise kichwa tu. Mwambie, "Daktari, ngoja nirudie nione kama nimeshika," kisha eleza kwa maneno yako. Hiyo huchukua chini ya dakika moja. Wapo madaktari wenye haraka watakaonuna, lakini wengi hufurahi, kwa sababu kosa huonekana hapo hapo badala ya kuonekana usiku wa manane mtoto akiwa amezidiwa.

Na sasa tufike nyumbani, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu huondoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto anabaki na nani? Na yaya, au na nyanya yake. Huyo ndiye atakayeona kinyesi cha kwanza cha maji saa nne asubuhi, nawe uko kazini. Je, umewahi kumfundisha? Si kumwachia maagizo mlangoni huku ukitafuta funguo. Keti naye Jumapili, weka maji, chumvi na sukari mezani, umwambie, "Dada, nionyeshe ungefanyaje." Kisha mwache achanganye.

Kwanza awe na pakiti za ORS nyumbani, ambazo hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Mwulize maji kiasi gani, naye asome kwenye pakiti, kwani ziko za nusu lita na ziko za lita moja. Pakiti ya lita moja ikitiwa katika nusu lita, chumvi inakuwa maradufu. Kama hamna pakiti, atie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visiwe na kilima. Kisha aonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara. Mkubwa wake, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, yaya angoje dakika kumi kisha aendelee polepole, kijiko kwa kijiko. Mwulize pia, "Na chakula je?" Akisema atamnyima, hapo umelipata kosa kabla halijatendeka. Mtoto aendelee kula na kunyonya. Tena kliniki itampa vidonge vya zinki vya kutumia kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajafikisha miezi sita. Visikatizwe hata kama kuhara kumekoma, kwani hupunguza uwezekano wa mtoto kuhara tena katika miezi inayofuata.

Mwisho mwulize lini atakupigia simu na kumkimbiza mtoto hospitalini bila kungoja ruhusa yako. Anapaswa kukutajia mwenyewe: macho yakididimia; mtoto akilegea au akiwa mzito kuamka; akishindwa kunywa au akitapika kila kitu; ngozi ya tumbo ikifinywa na kukawia kurudi; kinyesi kikiwa na damu. Akisahau moja, mkumbushe, kisha mwulize tena Jumapili ijayo. Pesa za nauli ziwe mahali anapopajua.

Maji yaliyochanganywa yafunikwe, na yakipita saa 24 yamwagwe, yatengenezwe mengine.